Sauti ya Calvince Juu ya Wimbo wa Chemutai

Watu wa Roret walimjua Calvince kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai, akazaa huku, akastaafu, akarudi kwao. Calvince akabaki. Kiwandani alidumu msimu mmoja tu, maana kuamka mapema na kuamrishwa vilimshinda. Akafungua kibanda cha muziki kando ya soko, ndani yake redio ya kaseti mbili, betri ya gari, na spika zilizosikika mpaka kituo cha kupimia majani.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyimbo. Alichukua kipande cha huyu na kipande cha yule, akavishona bila kuacha pumzi katikati, akaviuza kama kanda yake. Ruhusa hakumwomba mtu, wala haikumpitia akilini kwamba kuna mtu wa kuombwa. Lakini kuibiwa yeye mwenyewe, hilo hakutaka hata kulisikia! Kibanda cha mji wa jirani kilipoanza kunakili kanda zake, alifoka siku nzima, kisha akanunua maikrofoni. Tangu hapo, katika kila wimbo, mahali ala zilipotulia, alijirusha ndani: "Calvince Sounds, Roret! Ukikopi utashtakiwa!"

Chemutai alikuwa binti wa Rodah, mjane wa Kimulot mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili. Aliimba kanisani, na gitaa alijifunza mwenyewe. Alipofanikiwa kurekodi nyimbo zake katika studio moja ya Kericho, alitoka na boksi la kaseti akalipeleka lote kwa Calvince, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumuuzia. Hata moja hakubakisha. Kwao hakukuwa na redio.

Wimbo mmoja alimtungia mama yake, kwa Kikipsigis, lugha ya kwao. Rodah aliujua, alikuwa akiusikia jikoni binti yake akiosha vibuyu vya maziwa. Ila mwishoni Chemutai aliongeza maneno kule studio, akakataa kuyasema.

"Utayasikia kwa kanda, mama," alimwambia. "Siku tutanunua redio."

Calvince aliisikiliza kanda ile mara moja. Wimbo wa mama ukamvutia, akautia katika mchanganyiko wake, na ukavuma. Wachumaji waliuimba wakiwa na vikapu mgongoni, ukapigwa kwenye harusi, watoto wakauimba njiani wakienda shule. Ila kanda ya Chemutai ilibaki rafuni ikishika vumbi. Nani anunue kanda ya mtu mmoja na ipo ya Calvince yenye wote?

Chemutai alimwendea.

"Calvince, unauza wimbo yangu na hukuniuliza."

"Wee Chemutai, mimi nakupatia jina! Nani alikuwa anakujua kabla yangu?"

Msichana akapeleka malalamiko kwa chifu, Calvince akaitwa barazani. Chifu hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amezoea kesi za ng'ombe na mipaka. Akamtaka aeleze kilichoibiwa.

"Wimbo," akajibu Chemutai.

"Hebu uimbe."

Akaimba ubeti wa kwanza, mbele ya wazee wote.

"Sasa si bado uko nayo?" chifu akauliza. "Ng'ombe ikiibiwa, boma inabaki tupu. Wewe umeibiwa nini?"

Baraza likacheka, na Calvince akacheka kuliko wote. Kwa wazee wale wimbo ulikuwa wa kila mwenye mdomo. Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kuimba harusini? Hawakufikiria kwamba kuimba na kuuza ni mambo mawili tofauti.

Chemutai hakukata tamaa. Mjini Kericho, karani wa wakili mmoja alimweleza kwamba sheria ipo, na ni ya zamani kuliko yeye: wimbo ni mali ya aliyeutunga, na anayetaka kuunakili, au kuuunga na nyingine auze, lazima amwombe mwenyewe kwanza. Akamwambia alete kanda yake halisi iwe ushahidi.

Siku aliyokuja kudai boksi lake, Calvince hakumtazama usoni. Kila kaseti ina vijimeno viwili vya plastiki mgongoni; vikivunjwa, huwezi kurekodi juu yake. Za Chemutai zilikuwa zimevunjwa kule studio. Lakini ukiziba matundu kwa kipande cha karatasi na gundi, mashine haijui tofauti. Katika msimu wa harusi kaseti tupu zilikuwa zimemwishia, akaziba matundu, akarekodi michanganyiko yake juu ya boksi zima.

"Rudi wiki ijayo," alimwambia. "Nimeziweka mbali."

Wiki iliyofuata hakurudi. Mvua za Elnino zilikuwa zimeleta malaria mpaka milimani, ambako watu hawakuizoea. Chemutai alipelekwa hospitali akiwa hajitambui, akafia huko.

Calvince alienda mazishini, akasimama nyuma kwenye matope. Vijana wa kanisa waliomba wamwimbie mwenzao wimbo wake mwenyewe. Waliimba vizuri, watu wakalia. Walipofika mwishoni wakataja jina la Rodah, sauti zikashuka. Kisha wote kwa pamoja, wakubwa na wadogo, bila hata mmoja kutabasamu, wakatamka: "Calvince Sounds, Roret! Ukikopi utashtakiwa!" Ndivyo walivyoujifunza. Walidhani ni sehemu ya wimbo.

Rodah, aliyekuwa ameinamia jeneza, aliinua kichwa. Calvince alitamani ardhi immeze.

Baada ya matanga Rodah alifika kibandani, shuka mabegani, viatu vina udongo wa Kimulot.

"Karibu, Mama Chemutai," Calvince akasema, akimpa kiti.

"Sikuja kugombana, kijana yangu. Pale baada ya jina yangu, hapo watoto walitaja jina yako. Msichana yangu alikuwa anasema nini?"

Calvince akawasha redio. Akaweka kanda ya mchanganyiko wake. Gitaa likatulia, Chemutai akavuta pumzi, akasema "Rodah." Halafu kibanda kikajaa sauti ya Calvince, na chini yake ya msichana ikisikika kwa mbali, ikiendelea.

"Toa hiyo sauti yako."

"Haitoki, mama. Zimeshikana."

"Basi weka ile kanda yake yenyewe."

Hapo ikabidi aseme. Alimwambia habari ya matundu na karatasi, na boksi lote lilivyokwisha. Mbili tatu zilizouzwa hazijulikani ziliko. Studio nayo alikuwa ameshaiulizia. Tepu kubwa iliyotoa kaseti zile ilikuwa imeshafutwa, ikarekodiwa kwaya. Rodah alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Lakini wewe ulisikia ile ya kwanza," akasema.

"Nilisikia."

"Na Kikipsigis unajua."

"Najua, mama."

"Alisema nini?"

Angeweza kutunga kitu, na pengine ingekuwa huruma. Maneno matamu ya mtoto kwa mama hayamshindi mtu yeyote kubuni. Lakini siku ile ya kwanza alikuwa akiwinda tu mahali ala zimetulia, apate pa kujitangaza. Masikio yalikuwa kwenye gitaa. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na machozi yakamtoka mbele ya mama wa watu.

"Alisema jina lako, mama. Baada ya hapo nilikuwa naongea mimi."

Rodah akajifunga shuka vizuri. Kisha akasogeza kiti karibu na spika.

"Rudisha," akasema. "Mpaka hapo kwa jina."

Calvince akarudisha kanda, akaipiga, kidole kikiwa tayari juu ya swichi, na jina lilipotajwa akaizima kabla sauti yake mwenyewe haijaingia.