Pikipiki Isiyoinuliwa na Mtu Mmoja

"Hiyo si pikipiki, hiyo ni sebule," Cyrus, mlinzi wetu wa geti, alikuwa akisema nilipotoka kwenye lifti na ndoo zangu. "Ina sofa mbili, ina redio, ina mahali pa kuwekea kikombe. Imekosa pazia tu."

Njenga, aliyekuwa juani upande wa pili wa kizuizi cha geti na pikipiki yake ndogo ya kupelekea watu chakula, akamjibu kwamba mtu aliyeuza pikipiki yake ili aje Qatar kukalia kiti cha plastiki hana ruhusa ya kutukana pikipiki ya mwenzake. Mwenzake Owen, naye wa kupeleka chakula, akacheka mpaka akainamia sanduku lake.

Walikuwa wakigombania pikipiki ambayo hata si ya mmoja wao. Ni ya daktari wa meno wa ghorofa ya tano, Mlebanoni mwenye mvi, aliyeileta mwezi wa tatu kwenye maegesho yetu ya chini, hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Kubwa, nyeusi, imebeba masanduku matatu. Inarudi nyuma kwa injini kama gari. Na kiti chake kina mtambo wa kukipasha moto. Hilo la kiti Owen hakulimaliza. Doha hii, alisema, mahali ambapo sisi tunamwagia kiti maji ndipo tukikalie, mtu amelipia cha kupashwa moto.

Cyrus yeye alikuwa na hoja moja na hakuiacha. "Pikipiki ikianguka usiweze kuiinua mwenyewe, hiyo si yako. Ni ya watu watakaokuja kukuinulia."

Njenga alimwambia shida si pikipiki, shida ni kwamba imepewa asiyeihitaji. Daktari anaitoa Ijumaa, anaenda Al Khor kunywa chai ya karak, anarudi. "Mimi natoka hapa mpaka Al Wukair mara tano kwa siku, mzee. Mgongo wangu unajua kila tuta kwa jina. Sofa hiyo ilikuwa yangu."

Chini ya ubishi huo kulikuwa na ubishi mwingine, na huo ndio uliokuwa na uchungu. Sheria ya jengo ilisema pikipiki za wapeleka chakula zisiingie chini. Mkahawa wanaochukulia chakula uko ng'ambo ya barabara, na wakingoja oda hawana pa kujificha. Kuanzia mwezi wa nne jua la hapa haliangazi, linapiga. Cyrus aliwafukuza kila walipojipenyeza, kwa kuwa kazi yake ni hiyo na kamera inamtazama. Njenga hakumtukana. Kila akifukuzwa alivaa helmeti yake na kusema neno lilelile: "Nakudai kivuli, mzee. Kumbuka tu."

Niseme Cyrus ni nani, maana ukimwona getini utafikiri alizaliwa na ile redio begani. Ni mtu wa Keroka, miaka arobaini na sita. Alibeba abiria kwa pikipiki miaka minane, kisha akaiuza akamlipa ajenti wa kumleta huku. Ana binti, Kerubo, aliye mwaka wa pili kwenye chuo cha uuguzi, na mshahara wa geti hili ndio unaomweka darasani. Ni mbishi, mkavu, na hajui kuomba. Lakini mimi ndiye ninayesafisha jengo hili, na ninajua kwamba kila Ijumaa yeye ndiye anayenitolea mapipa ya takataka ili niwahi basi la Mesaimeer kwenda kanisani, maana huku siku ya mapumziko ni Ijumaa na ibada nayo. Yeye ni Msabato, hana haraka ya Ijumaa. Sikumwomba. Alianza tu, na mara ya kwanza nilipomshukuru aliniambia nisimcheleweshe.

Sasa kuna desturi ya watu wa pikipiki ambayo lazima uijue. Stejini, pale zinapongojea abiria, pikipiki hupangwa foleni. Wa mbele akipata abiria, wote husogeza zao hatua moja. Kama mwenzako ameenda kunywa chai, unamsogezea na yake, asipoteze zamu. Huulizi. Anayeiruka ya mwenzake huonekana mtu mbaya. Miaka minane Cyrus amesukuma pikipiki za watu wasiokuwepo, na mkono wake haukusahau ulipovuka bahari.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa sita mchana, bomba la kiyoyozi linalopita darini lilianza kudondosha maji juu ya pikipiki ya daktari, hasa kwenye kile kiti cha nyuma. Cyrus aliona. Daktari hakuwa na kawaida ya kuufunga usukani, alimwamini mlinzi wake. Basi mlinzi wake akashika usukani, akapandisha stendi, aisogeze hatua moja tu itoke kwenye maji.

Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimepiga deki pale pale, kwa sabuni. Kile kibao cha njano cha kuonya watu nilikuwa nimekiacha ghorofa ya tatu.

Mguu wake uliteleza. Pikipiki haikupiga kishindo. Iliinama polepole kama ng'ombe anayetaka kulala, na Cyrus akaenda nayo, ameing'ang'ania, mpaka ikakalia ubavu wa kulia, kwenye kile chuma kinachokinga injini. Alijaribu kuiinua mara tatu. Nikaweka fagio nikamsaidia, na tulikuwa kama watu wanaosukuma ukuta. Njenga alishawahi kututajia uzito wake, karibu kilo mia nne, na Cyrus alimcheka.

Alisimama akiitazama kamera. Mkataba wake ulikuwa uishe mwezi uliofuata, na msimamizi wao ni mtu anayemnyima mlinzi mkataba kwa kifungo kilichokatika. Hakusema habari ya chuo wala ya Kerubo. Alifuta mikono kwenye suruali, akatembea mpaka getini.

Njenga alikuwa pale pale juani. Tangu nimjue Cyrus, alikuwa akimwita Njenga "wewe." Siku hiyo alimwita kwa jina.

"Njenga. Njoo unisaidie."

Njenga alikitazama kile kizuizi. "Niingie?"

"Ingia."

Aliingia na Owen na Wanepali wawili wenzao wa kazi. Sikuona aliyecheka, na ningemwona, maana nilikuwa namtafuta. Owen alikimbilia usukani auvute. Njenga akampiga kofi mkononi, akamwambia akivuta hapo watavunja vitu visivyo na bei. Kwanza alilala chini akashusha ile stendi ya kushoto, ili ikiinuka isije ikapitiliza upande wa pili. Kisha akawageuza wote waipe mgongo, makalio kwenye kiti, magoti yamekunjwa, wasukume kwa miguu wakirudi nyuma hatua ndogondogo. Mimi aliniambia nimwage mchanga wa ile ndoo ya kuzimia moto pale penye utelezi. Ikainuka. Nilishangaa ilivyoinuka kwa upole.

Cyrus alimuuliza alijifunzia wapi kuinua sebule za watu.

"Kwenye simu, mzee. Nikingoja oda naangalia hizo pikipiki zinavyoendeshwa, zinavyoanguka, zinavyoinuliwa. Wewe unayoicheka mimi naisomea."

Cyrus akainama kuikagua pale ilipoangukia.

Ilikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye kile chuma, basi. Owen alishauri igeuziwe ukutani, daktari ataona mwenyewe siku moja na kudhani ni mkwaruzo wa kituo cha petroli. Cyrus alikataa. Alisema mtu aliyekuachia usukani wazi hafanyiwi mchezo huo. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki mpaka saa tisa, chakula chake kimefungwa, hakukigusa. Nilimwambia ale. Aliniambia nishughulike na ndoo zangu.

Daktari alipofika na gari lake dogo, Cyrus alimfungulia mlango na kumweleza yote kwa Kiingereza chake cha kijeshi: aliishika, aliisogeza, aliiangusha. Daktari akauliza imeangukaje. Cyrus akasema ni mkono wake.

Mimi sikusoma kupita darasa la nane, lakini uongo ninaujua ukipita mbele yangu. Alikuwa akiutia mkono wake mahali pa sabuni yangu, na wala hakunitazama, ili daktari asigeuze macho. Nilikuwa na sekunde ya kunyamaza. Nawaambia ukweli, niliitumia yote. Kisha nikasema sakafu ilikuwa na sabuni, na sabuni ni yangu, na kibao kiko ghorofa ya tatu.

"Mama Stacy, nani amekuuliza?" Cyrus akanigeukia.

Nikamwambia hata yeye hakuombwa na bomba lile aisogeze pikipiki. Tukaanza kugombania kosa kama watu wanaogombania kulipia chai, na daktari katikati yetu, anageuza shingo huku na huku. Mwisho alicheka. Alizunguka pikipiki, akachuchumaa, akatuonyesha upande wa kushoto. Kulikuwa na mikwaruzo mitatu, mirefu kuliko wetu. Yote yake. Mmoja ni wa kituo cha petroli, ambako alisimama nusu saa akingoja apite mtu wa kumsaidia. Alituambia mkewe ana kiuno kibovu, na hiyo ndiyo pikipiki pekee anayokubali kuipanda, kwa ajili ya kile kiti chenye joto. Nilitamani Owen awe karibu.

Nikamweleza lile neno la Cyrus, kwamba pikipiki usiyoweza kuiinua ni ya wanaokuinulia. Cyrus alinikata jicho. Daktari alilifikiria, akasema ni kweli tupu, na akauliza hao walioinua leo wako wapi, awape kitu. Mkono ulikuwa tayari umeingia mfukoni.

Ndipo Cyrus, asiyejua kuomba, akaomba. Alimwambia hawahitaji pesa. Wanahitaji kivuli. Nafasi ya pili ya daktari, anapoweka pikipiki, ni ya gari zima na pikipiki inakula nusu tu. Kama angewaandikia wenye jengo kwamba pikipiki mbili ndogo zinaruhusiwa nyuma ya yake, saa za jua, hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.

Daktari aliandika barua hapohapo juu ya tanki la pikipiki, na akampigia msimamizi simu, akilalamikia bomba na kumsifu mlinzi kwa kuiokoa pikipiki na maji. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi uliofuata. Kerubo ameanza mwaka wa tatu. Kila nikishika fagio pale chini namshukuru Mungu kwa mkono ule uliokubali kubeba kosa langu, na siku hizi kibao cha njano natembea nacho kama mkoba.

Njenga hakuwa anajua lolote la barua, wala kwamba wenye jengo walikuwa wameikubali. Kesho yake, Jumatano, saa sita alisimama mahali pake, juani, injini imezimwa, simu mkononi. Cyrus alitoka hadi kwake. Nilikuwa nafuta vioo vya mlango, kwa hiyo nilisikia bila kutega sikio sana.

"Kuna mtu hapa ananidai kivuli," Cyrus alisema, akainua kizuizi. "Aingie alipwe."

Njenga alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akaisukuma pikipiki yake polepole mpaka chini, akaipanga nyuma ya ile kubwa, akavua helmeti. Nywele zilikuwa zimelowa. Akashusha pumzi.

"Na riba, mzee?"

Cyrus alirudi getini, akachukua kile kiti chake cha plastiki, akaja nacho, akamwekea.