Utando Uliogongwa

Kwa miezi minne niliilaani kompyuta isiyo na hatia. Nilikuwa nimechora ndani yake wavu wa nyuzi, mfano wa zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama ya mwili, ili ihesabu nyama inaweza kuvutwa kiasi gani kabla ya kuchanika. Daktari anayeshona tumbo la mama aliyejifungua kwa upasuaji anahitaji kujua hilo. Kompyuta ilisema utando wa nyuzi hizo utastahimili. Mashine ya maabara ikiuvuta utando halisi wa nyama ya ng'ombe, unakatika kama karatasi iliyolowa.

"Hesabu zako ni takataka," msimamizi wangu aliniambia mbele ya wenzangu. "Zisiponyooka kufikia Ijumaa, kazi hii tunaifunga."

Miaka miwili ya maisha yangu, naye anatafuna njugu! Nilimchukia.

Utando nilikuwa nauchukua soko la nyama la Burma, kwa shangazi yangu mwenye bucha. Kila wiki nilimwomba kipande cha ule utando mweupe ambao wengine huwatupia mbwa. Hakuuliza ni wa nini. Nami sikumweleza, nikidhani hataelewa. Ujeuri wa msomi.

Alhamisi hiyo nilitoka nyumbani, mtaa wa Huruma, mapema, nikafika kabla ya saa aliyonitarajia. Nilimkuta ameinamia gogo, anaugonga utando wangu kwa mgongo wa kisu, kwa bidii, nyuzi zikivunjika.

"Shangazi, unaniharibia kazi!" Nilipiga kelele hadi wateja wakageuka. Nilimmwagia yote: mashine, kompyuta, msimamizi, miezi minne.

Shangazi akaweka kisu chini.

"Kumbe ni ya masomo? Si ungesema! Mimi niliona mtoto wa ndugu yangu ameishiwa, anaomba nyama ya kutupiwa mbwa na anaona haya kusema. Nikawa nakugongea iive haraka, na vile gesi imepanda bei."

Akanifungia vifurushi viwili. "Hii ya kompyuta. Hii ya kula. Usizichanganye."

Kesho yake mashine iliuvuta ule utando mzima, nao ukashika hadi pale kompyuta iliposema. Msimamizi akauliza nimerekebisha wapi. Nikazima mashine nikaondoka, nilikuwa bado namkasirikia.

Jioni nikapika kifurushi cha pili. Nyama iliiva upesi, maana alikuwa ameigonga. Niliila yote nimesimama kando ya jiko, nimejikasirikia, kwa sababu kuhusu njaa shangazi hakuwa amekosea.