Hapana ya Kwanza

Nimewahi kufika Marekani. Nilikana jambo hilo kwa miaka mingi, hasa hapa Johannesburg, kwa sababu katika nyumba yetu ya wahamiaji, mtaa wa Bellevue, iliyogawanywa vyumba mpaka stoo ikapata mpangaji, hakuna dhambi isiyosameheka kama kufika huko kisha ukarudi. Aliyenitoa siri ni jirani yangu Mama Divine, msusi kutoka Bukavu, na hata yeye alisaidiwa na mvua.

Ilikuwa alasiri moja ya Januari, mwaka 2018. Radi ilipiga, mvua ikamwagika, ikakatika ghafla kama ilivyoanza. Tulikuwa tumesimama kwenye robot, kama wanavyoita hapa taa za barabarani, tukingoja ya kijani, na lami iliyokuwa imechemka tangu asubuhi ikatoa ile harufu yake ya vumbi, mpira na chuma kilicholowa.

"Chicago ilinuka hivi hivi," nikasema kabla sijajizuia.

"Weye ulifikaka Chicago?"

"Nikiwa na miaka minane."

"Na ukarudia?" Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetupa mkate jalalani. "Eish, dada! Nani alikufukuza?"

Swali lake lilikuwa la haki. Wiki ile ile Baba alikuwa amenipigia simu kutoka Philadelphia. Amezeeka, anataka kurudi Tanga, na alinituma nimuulize Mama kama atampokea. Sikuwa nimemuuliza. Ningemuulizaje, na sikujua hata ni nani aliyemwacha mwenzake? Ndugu wa Baba walisema Mama aligoma kubaki. Ndugu wa Mama walisema Baba hakututaka. Mimi nilikuwepo, ila shahidi wa miaka minane huangalia zaidi viatu vyake.

Na viatu ndivyo ninavyovikumbuka. Yalikuwa makubazi mapya, mkanda wake ukinichuna kidole gumba. Baba alikuwa akisoma huko. Chuo kilipofunga kwa kiangazi, akatuita. Aliamini kwamba mji haujulikani kwa kuchungulia dirishani, unajulikana kwa nyayo. Kutoka mji mmoja kwenda mwingine tulipanda basi, lakini tukishashuka tulitembea tu. Chicago tulitembea mpaka kwenye ziwa lisiloonyesha ng'ambo. Mama alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Maji yote haya, hata chumvi hayana!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa samaki wa jana. New York niliona mvuke ukifuka kutoka chini ya barabara, nikauliza wanapika nini huko chini na watapakua saa ngapi. Philadelphia tulikula mkate uliosokotwa kama kamba, umenyunyiziwa punje za chumvi juu, na Mama akasema kumbe chumvi yao wameihifadhi huku.

Aliyenichanganya ni Baba. Kila mji, jua likianza kupoa, alisimama kwenye kona, akajifuta jasho, akauliza, "Hapa je, Mama Saida?"

Mama alitengeneza ushungi wake taratibu. "Pazuri. Pazuri kwa wenyewe. Sisi tutarudi kwetu."

"Haya," alisema Baba, na safari ikaendelea.

Mimi nikaamua kwamba tumepotea. Mtu mzima anayesimama kona na kuuliza hapa je, nilijiambia, amesahau nyumba yake iko wapi na anaona haya kusema. Basi nikajipa kazi ya kukariri rangi za milango, ili walau mmoja wetu ajue njia. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, Mama alisimama muda mrefu akifunga na kufungua kamba ya kikapu chake cha ukili. Baba alimngoja amalize, akatupungia mkono. Nilipanda ndege nikiwa na furaha kwamba hatimaye tunajua tuendako.

Kwa bibi yangu Tanga, mgeni aliyekaribishwa chakula alisema ameshiba. Bibi alijifanya hakusikia, akamkaribisha tena. Mgeni aliapa kwamba ndiyo kwanza ametoka kula. Bibi akamvuta mkono mpaka kwenye mkeka, naye akanawa, akala kuliko sote. "Hapana ya kwanza ni ya adabu," Bibi alitufundisha, "ya pili ni ya aibu. Ya tatu ndiyo yake mwenyewe." Kwa elimu hiyo nilikuja kusoma chuo hapa Johannesburg, na wiki ya kwanza nililala na njaa. Watu wema wa bweni walinikaribisha, nikasema nimeshiba, wakaniamini.

Hata hivyo, pamoja na shahada zangu zote, sikuwahi kuweka ule mkeka wa Bibi kwenye kona za Chicago, Mama alipokuwa akikataa. Niliuweka siku ile kwenye robot. Taa ilibadilika, Mama Divine akavuka, mimi nikabaki upande huu nikilowa kwa matone ya mti. Je, Baba alikuwa akitutafutia mahali pa kuishi? Je, alikuwa amekaa mno na watu wanaokuamini ukisema umeshiba? Sikuwa na hakika. Ningeweza kuwa napotea tena, kama nilivyozoea. Nilipofika chumbani nikapiga simu Tanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huko mvua?"

"Imekatika. Mama, Baba anataka kurudi Tanga. Anauliza kama utampokea."

Nikamsikia akipunguza redio. "Hapana. Mwambie asijisumbue."

Lile "haya" la Baba lilikuwa limeshanifika ulimini. Ni urithi wangu kwake. Nikalimeza.

"Amezeeka, Mama. Anataka kuja kwako."

"Kwangu atapajua wapi, na mji umegeuka wote? Hapana, Saida."

Iliyobaki ilikuwa moja tu, na hiyo ingekuwa yake mwenyewe.

"Mama, aje?"

Nikasikia redio ikizimwa kabisa.

"Baba yako," alisema, "kila mji aliniuliza mara moja. Nikawa nangoja aulize tena. Mpaka uwanja wa ndege nangoja." Akakohoa kidogo. "Mwambie aje. Na avae viatu vya maana. Safari hii nitamtembeza mimi."