Kesi ya Pipi ya Tunu

Kama hujawahi kula Tunu, usijisikie vibaya, wengi hawajawahi. Ilikuwa pipi ndefu ya karameli na karanga, imepakwa chokoleti nyembamba kwa ubahili wa mwenye kiwanda, na watu waliinunua pale tu pipi nyingine zilipokwisha dukani. Aliyeipika tangu siku ya kwanza hadi kiwanda kinafungwa ni mzee mmoja ambaye mtaani bado wanamwita Mpishi, ingawa hata chai akiibandika jikoni lazima imwagike. Hayo anayasema mwenyewe, tena kwa maringo.

Alipostaafu alikaa sebuleni bila kazi, mpaka mkewe, fundi cherehani anayeshonea kwenye kona ya sebule hiyohiyo, akachoka kuiruka miguu yake. Binti yao akamwonyesha ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandikia. Loo, kumbe alimwonyesha mlevi njia ya kilabuni! Mpishi akaandika: "Tunu ni pipi mashuhuri inayopendwa na watu wa rika zote." Akaisoma kwa sauti, akaona haijakolea, akaongeza "duniani".

Kesho yake juu ya makala palikuwa na tangazo jekundu. Mhariri mmoja asiyejulikana hata sura alipendekeza ifutwe: pipi yenyewe haina umaarufu, na hakuna chanzo huru hata kimoja kinachoitaja. Watu walipewa wiki moja wajadiliane.

"Ujana wangu wote umeishia kwenye ile sufuria," Mpishi akamwambia mkewe. "Kiwanda wamekivunja, wameweka maegesho ya magari. Na hii ikifutwa, nitasema nilifanya kazi gani hapa duniani?"

Mkewe alitaka kumtania, lakini alipomtazama akaona mdomo unamtetemeka. Akainama akakata uzi kwa meno ya pembeni, kama kawaida yake, akaendelea kushona.

Basi Mpishi akawaita wenzake wa zamani waje kutoa ushahidi. Wakaja fundi mitambo, dereva wa lori na mlinzi wa getini, wamechana nywele kama wanaokwenda kupigwa picha. Wakapokezana kompyuta ya binti, na kila mmoja, kwa heshima zote, akaanza na cheo chake. "Mimi, fundi mkuu wa mitambo wa kiwanda cha Tunu, nathibitisha kwamba Tunu ni maarufu sana." Mlinzi aliongeza kwamba mwizi aliwahi kuruka ukuta kwa ajili ya Tunu, ila bahati mbaya aliondoka na mabati. Mpishi akawapigia makofi. Walikunywa chai wakijua kesi wameshinda.

Jibu la mhariri lilikuwa fupi: "Nawashukuru wafanyakazi wote wa kiwanda. Je, kuna mtu yeyote anayeijua pipi hii bila kulipwa mshahara?"

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mpishi alinuna kwanza, kisha akalisoma tena, na kicheko kikamponyoka. Jamani, katafuta mashahidi, kaleta geti, karakana na lori zima! "Mimi ni zuzu," akasema, "na hilo halihitaji chanzo huru."

Hata hivyo hakukata tamaa. Alizunguka duka moja hadi jingine akiulizia nani anaikumbuka. Muuzaji mmoja alimuuliza kama Tunu ni sabuni ya unga au ya kipande. Hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Akarudi nyumbani, akajitupa kwenye kiti.

"Acha waifute," akasema. "Ningekuwa mimi ningeshaifuta."

Cherehani ikanyamaza. "Kuna mtu aliiandika," mkewe akasema.

"Nani?"

"Daktari wa meno. Yule wa karibu na posta. Alitoa kitabu cha kuwafundisha wazazi kutunza meno ya watoto, na Tunu ameipa sura nzima."

"Wewe umejuaje?"

"Alinionyesha mwenyewe, nimelala kwenye kiti chake, mdomo wazi." Akavuta mdomo kwa kidole, akamwonyesha meno mawili ya mbele, yale ya bandia.

Mpishi alishtuka. "Si uliniambia ulianguka bafuni?"

"Ulitaka nikuambie nini, baba? Kila Ijumaa unaingia na Tunu mfukoni, uso unang'aa, unasimama hapo mlangoni ukingoja niseme ni tamu. Nikasema ni tamu."

Binti alikipata kitabu maktaba. Daktari aliitaja Tunu kwa mapenzi makubwa. Aliandika kwamba hakuna pipi iliyomletea wagonjwa wengi kuishinda. Mpishi akaketi, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Akafuta "duniani". Akafuta "mashuhuri", hiyo kwa uchungu. Kisha akaandika: "Tunu ilikuwa pipi ya karameli na karanga, inayokumbukwa zaidi na madaktari wa meno."

Mhariri akajibu siku hiyohiyo: "Sasa tuna chanzo huru. Makala ibaki."

Fundi mitambo akapiga simu kumpongeza, mlinzi naye akapiga, akitaka habari ya mwizi iongezwe. Mpishi aliwajibu kwa ufupi. Alikuwa amevuta kiti karibu na cherehani, kitabu mapajani.

"Humu daktari anamtaja mama mmoja fundi cherehani," akasema. "Alipong'oka jino la kwanza alikatazwa kabisa kula Tunu. Akala tena, la pili nalo likang'oka."

Mkewe alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Ndiyo."

"Sasa niambie ukweli. Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa kama kutafuna kandambili," akasema, "iliyotiwa karanga."

Mpishi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye akaacha kucheka, lakini machozi hayakuacha, na mkewe akampa kipande cha kitambaa ajifute.