Wali wa Bi Wati na Kisu cha Ami

Mnisamehe mwandiko huu wa kuku na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunimalizia siku nzima. Lakini Ami anatamba barazani kwamba kule Guangzhou, Uchina, alikuwa mgeni rasmi wa Wajava, nami nilikuwepo.

Ami Saidi, mdogo wake baba, alikuwa ameuziwa kitambaa kinachonywea kikifuliwa mara moja. Alitaka mtu anayejua kitambaa kwa kukishika. Mimi ni fundi wa madera hapa Ngamiani, Tanga, basi akanichukua.

Jumatatu tuliondoka. Ndani ya ndege Ami alinieleza Uchina kana kwamba aliijenga yeye. "Wewe nyamaza tu, Mwanaidi. Mimi huko nimekwenda mara kumi na moja." Mara zote hizo aliona hoteli, soko na uwanja wa ndege.

Jumatano tulishinda Kangle, kwenye vichochoro vya karakana za kushona. Kila jora nililowesha kona kwa maji ya chupa, nikakataa manne yaliyonywea. Ami alimwita kila mtu laoban, yaani bosi, hata mfagiaji. Walimcheka usoni, naye akadhani wanampenda.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda kwa Bi Wati, Mjava wa Indonesia anayewapikia wafanyabiashara wa kwetu karibu na Barabara ya Zhanxi. Kiswahili amekiokota kwa wateja hao. Siku hiyo alikuwa na jambo zito: binti yake, huko Java, alikuwa apasuliwe Jumamosi. Desturi yao ni kupika wali uitwao tumpeng, na majirani waule kwenye chombo kimoja wakimwombea mgonjwa.

"Hapa jirani sina," alisema. "Jirani ni ninyi."

Juu ya ungo uliotandikwa majani ya mgomba ulisimama wali wa manjano wa tui, umechongoka kama kawa la kufunikia chakula. Kuuzunguka kulikuwa na kuku, mayai na dagaa wa kukaanga. Tuliketi mkekani wanne. Wa nne alikuwa Papa Didi, mfanyabiashara wa Lubumbashi, rafiki yake Ami.

"Mama, asieti yangu iko wapi?" aliuliza Papa Didi, maana alitaka sahani yake peke yake.

"Tunakula pamoja, Papa."

"Pamoja ni ya watoto. Mie niko patron, mtu mkubwa!"

Ami alikwisha kupiga picha kumi. Sasa akashika kisu. "Nimeona kwenye simu. Kilele kinakatwa, anapewa mgeni mkubwa."

Bi Wati aliuzuia mkono wake. "Wengine wanakata. Mama yangu alikataza. Juu ni kwa Mungu. Tunaanza chini, kila mtu mbele yake. Leo tafadhali, Ami, kwa mtoto wangu."

"Bi Wati, mimi Uchina nimekuja mara kumi na moja!"

Java si Uchina, lakini nani angemwambia? Nikakumbuka sinia la Bibi. Tulikuwa watoto sita, kila mmoja na upande wake, nyama katikati ikimngoja Bibi aigawe. Aliyechimba katikati alichapwa vidoleni kwa mwiko. Mimi si mtu wa kujibizana na wakubwa. Ila nilimwona Bi Wati anavyokitazama kile kisu.

"Ami, weka kisu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Bibi ni mama yako. Ndivyo alivyokufundisha kula?"

Papa Didi alicheka mpaka akapaliwa. Ami alitupa kisu, akasema ameshiba, akaenda hotelini kula tambi za maji moto.

Papa Didi akakunja mkono wa shati. Bi Wati akaomba dua, tukala kutoka chini, polepole, mpaka kilele kikashuka chenyewe.

Jumapili, tukiwa uwanja wa ndege, Bi Wati alinipigia. Binti amefumbua macho, ameomba uji. Nilipomwambia Ami, aliyakodolea macho mabegi.

Safari ijayo Ami atakwenda na fundi mwingine. Anasema mimi nina mdomo. Kweli ninao, na nilikwenda mpaka Uchina kuujua.

Mliokulia sinia moja, niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Kwenu nyama aligawa nani, na aliyechimba katikati alifanywa nini? Bi Wati ndiye anayeuliza. Nitamsomea kwenye simu.