Siku Tuliyohamisha Faili la Mama Mkubwa

Mama alifariki nikiwa mdogo, na dada yake akanichukua kwake Ibra, mji wa ndani ya Oman uliozungukwa na mitende na milima mikavu. Huyo ndiye mama mkubwa, na yeye ndiye aliyenilea. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mke kijana na Kiarabu chake kibovu. Mpaka uzeeni alikuwa akinihadithia jinsi jirani yake wa kwanza hapo Ibra alivyomcheka alipokwenda kuomba chumvi akakosea neno. Kila jioni alinisimulia Unguja: shokishoki, mvua za masika, sauti za wanawake wakiitana madirishani. Nikakua nikiamini kwamba hamu yake yote iko ng'ambo ya bahari.

Mumewe alipokufa alibaki peke yake katika nyumba ile, kwani hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Kisha akateleza uani akaumia nyonga. Nilikwenda kumchukua nikamleta kwangu Maskati, kwa mume wangu na wanangu, upande wa Wadi Kabir, nikijiambia kwamba hapa atafurahi. Bahari iko karibu, na Waswahili wenzake wamejaa.

Tatizo lilikuwa dawa. Alikuwa na presha na sukari. Kwetu raia matibabu ya serikali hayana taabu, lakini faili la mtu linakaa kwenye kituo cha afya cha mahali alipoandikishwa, na dawa za kila mwezi anazipata hapo. Ukihama wilaya, faili nalo lihamishwe. Nikachukua bitaka yake, ndivyo tunavyokiita kitambulisho, pamoja na karatasi ya umeme ya nyumba yangu, tukaenda kituo cha mtaani kwetu.

Karani alikuwa binti mpole. Akamuuliza kwa Kiarabu, "Khalti, mama yangu, sasa unaishi wapi?"

"Ibra," mama mkubwa akajibu.

"Na hapa Maskati?"

"Hapa nimekuja kutembea kwa mwanangu."

Nikacheka kwa haya, nikamgeukia kwa Kiswahili. "Mama mkubwa, mwambie umehamia kwangu."

"Nimwambie uongo?"

Karani alitutazama kwa zamu, akanirudishia bitaka. "Mpaka yeye mwenyewe aridhike," akasema. "Leo daktari atamwona kama mgeni. Akiridhika, mrudi."

Ndani ya gari nilivuta mkanda kwa nguvu. Nilikuwa nimechoka, na nadhani ilionekana.

"Usinikasirikie, mwanangu," akasema. "Nilipotoka Unguja waliniambia nakwenda kutembea. Nikafunga kisanduku kidogo, hata shoga zangu sikuwaaga. Basi ndiyo ikawa moja kwa moja, sikurudi. Sasa nnataka, nikisema nimehama, niwe nimeaga."

"Unataka nikupeleke Unguja ukaage?"

Aliniangalia kama nimepagawa. "Unguja nani kanibakia? Nnasema Ibra."

Miaka yote ile nilimsikiliza akiililia nchi moja, wala sikuona kwamba nyingine ilikuwa imemwingia kimya kimya. Nilimtoa kwao bila kujua kwamba ni kwao.

Jumatano iliyofuata tukatoka asubuhi. Jumatano Ibra kuna soko la wanawake peke yao, na mama mkubwa aliuza vileja pale mpaka miguu ikamkatalia. Alipoingia na fimbo yake, mwanamke aliyekuwa amekaa mahali pake pa zamani akainuka bila kuambiwa, akamtandikia. Wakamzunguka. Mmoja akamtia wanja, mwingine akamfungia liwa ya kujipaka kwenye kitambaa. Nilisimama kando nikimwangalia akicheka na kutaniana kwa Kiarabu cha Ibra, kile kilichokuwa kikimshinda, kikitoka mdomoni mwake kama maji.

Kutoka sokoni tukenda kituo cha afya alikoandikishwa. Muuguzi aliyekuwa zamuni alimjua kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyemfundisha kujichoma sindano ya sukari. Alimkumbatia kabla ya neno lolote.

"Nimekuja kuhama," mama mkubwa akasema. "Andika."

Muuguzi akakaa mbele ya kompyuta, lakini mikono yake haikuanza kazi. "Umeamua mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe. Nyumba ile nnaipenda, lakini siwezi tena kuanguka ndani yake peke yangu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na faili langu, mtalitupa?"

"Halitupwi. Limo humu kwenye kompyuta, popote uendapo linakufuata."

"Kumbe lina bahati kunishinda mie," akasema, na sote watatu tukacheka, naye muuguzi akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwisho tulipita nyumbani. Alifunga gesi mwenyewe, akafunga madirisha moja moja, akampa ufunguo jirani, yule yule wa chumvi, sasa naye bibi kizee aliyepinda mgongo. Walishikana mikono mlangoni muda mrefu. Sikusikia walichoambiana.

Kituo cha mtaani kwetu walimpokea wiki hiyo hiyo, na dawa zake hazikukatika tena. Nyonga ilipozidi kumwuma, wauguzi walikuwa wakimfuata nyumbani kumpima. Aliishi nasi mpaka Mungu alipomchukua, asubuhi moja ya baridi, akiwa amemaliza kuswali. Wanawake wa Ibra walikodi basi wakaja matangani, wakaijaza nyumba yangu.

Hapa nyumbani sasa mume wangu na wanangu wanasema Kiarabu. Wanangu wanakielewa Kiswahili, lakini nikiwasemesha wananijibu kwa lugha yao. Nikenda soko la Matrah kununua vitambaa, mara nyingine nasikia nyuma yangu wanawake wa kwetu wakivutana bei kwa Kiswahili cha Unguja, mmoja akimwambia mwenzake, "Wee, twende zetu, huyu ghali." Hapo hupunguza mwendo. Husimama mbele ya duka lolote, nikashikashika kitambaa nisichokitaka, nikiwasikiliza mpaka wapite.