Tawi la Mnyapara Melkiori

Unaweza kumtaja kwa jina mtu mmoja, mmoja tu, aliyeilima barabara unayopita kila siku? Huwezi. Hata mimi nisingeweza, mpaka Septemba ya mwaka 1956, nilipokutana na Melkiori wa Kiberege.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule, na kukaa nyumbani Michenga kulikuwa kunaniwasha mwili mzima. Ndipo likaja Ifakara lori lenye nyumba mgongoni. Nyumba kweli: kuta za mbao, kitanda, jiko la mafuta ya taa, tangi la maji, na madirisha mawili yenye mapazia ya maua. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyestaafu kazi huko Kenya, akizunguka kuona nchi kabla ya kurudi kwao. Watu wa Lumemo, palepale Ifakara, hawakuhangaika na jina lake. Walimwita Bwana Pazia. Bibi Verediana, muuza samaki, alilizunguka lile lori mara mbili, kisha akauliza, "Sasa humu wakigombana, mke anakimbilia wapi?"

Bwana Pazia alitaka kwenda kaskazini, kupitia Kiberege na Kidatu mpaka Mikumi kwenye barabara kuu, na alitaka mkalimani. Nikapanda siku hiyohiyo. Dereva wake alikuwa Donati, mtu wa Morogoro mjini, kofia ya ngozi na maneno mengi.

Kiberege tuliambiwa kwamba daraja la magogo huko mbele limevunjika juzi. Lori moja la mpunga lilikuwa limezungushwa porini jana yake, na aliyelizungusha ni mnyapara wa genge la barabara, kwa kuwa njia ile anaijua yeye. Tukamkuta na watu wake wanane wakisawazisha changarawe. Alikuwa mtu mfupi, Mpogoro aliyehamia kutoka upande wa Mahenge, miaka hamsini hivi, vidole vimepinda kana kwamba bado vimeshika mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo nyumba wanayoisema?"

"Ndiyo hiyo."

Akaichungulia nyuma. "Mlango wake uko nyuma," alisema. "Mnaona mnachokiacha tu."

Kila genge lilikuwa na sehemu yake. Ya Melkiori ilikuwa maili nane, na upande wa kaskazini iliishia kwenye nguzo nyeupe ya mbao. Kutoka hapo ilianza kazi ya wenzake. Miaka kumi na saba alikuwa ameilima, ameijaza, ameichimbia mitaro. Magari yalipita yakamwachia vumbi. Yeye hakuwahi hata siku moja kuivuka ile nguzo. Siku za kazi aliishia hapo, na Jumapili ilikuwa ya kanisa na shamba la mpunga.

"Mwambie Bwana nitampitisha," aliniambia. "Lakini anipakie mpaka Mikumi, nikaone inakofika. Nitarudi na lori lolote."

"Inakofika nini?"

"Barabara, mwalimu. Mimi naijua mgongo tu. Uso wake sijauona."

Nilikasirika. Sikumkasirikia Mzungu peke yake. Nilitukasirikia wote tunaopita pale tukipiga honi. Mtu amewatengenezea wengine njia ya kwendea, halafu kuipita mwenyewe anakuomba kama zawadi! Nilimweleza Bwana Pazia kwa maneno makali kuliko niliyopewa. Akacheka, akakubali: tukipita salama, Melkiori atakaa kiti cha mbele mpaka Mikumi.

Melkiori akamwachia genge msaidizi wake Tadei, akamtuma mtu kwa mkewe Apolonia alete shati lake jeupe la kanisani. Alilivaa palepale kando ya mtaro.

Ndani ya gari hakutulia. Aligusa kioo, aligusa mlango, aliinuka nusu kila tulipofika penye tuta. "Punguza. Hapo kuna jiwe, nililiweka mwaka wa mafuriko."

"Mzee, tunaendesha wawili?" Donati alimwuliza.

"Wewe endesha gari. Barabara niachie."

Tuliiacha barabara tukaingia porini, chini ya milima ya Udzungwa. Majani yalikuwa marefu kuliko lori, na mavi ya tembo bado yalikuwa yakitoa moshi. Kabla ya kijito Melkiori akashuka kwenda kupima maji kwa miguu yake. "Njooni polepole nyuma yangu," alisema. "Penye njia mbili nitaweka alama."

Tukafika penye njia mbili. Katika ile ya kulia, iliyokuwa pana na imenyooka, palikuwa na tawi bichi limelazwa katikati.

Hapa sikiliza vizuri. Kwetu bondeni, watu wakisafiri kwa miguu, wa mbele huiziba kwa tawi njia isiyo yao ili wa nyuma wasipotee. Mtoto hujua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini kwa madereva, tawi barabarani lina habari nyingine: gari limeharibika mbele, pita kwa uangalifu.

"Yule wa mpunga amekwama," alisema Donati. Akabadilisha gia, akapita juu ya tawi kwa adabu zote.

Nililiona lile tawi. Mimi wa Michenga, niliyekulia nyuma ya mgongo wa mama yangu Klementina katika vijia vya mashamba, nililiona, nikanyoosha shingo kulitafuta hilo lori la mpunga. Miaka ya kupanda malori kwenda chuoni na kurudi ilinifundisha lugha ya madereva, na ile nyingine ikalala.

Hatua hamsini mbele magurudumu ya mbele yakazama katika matope meusi yaliyofichwa na matete, kisha ya nyuma. Vyombo vya Bwana Pazia vikaanguka kabatini, kimoja kimoja.

Melkiori akarudi mbio, suruali imelowa mpaka magotini. "Niliziba," alisema. "Mmepita juu ya tawi?"

"Tumepita, tena polepole," Donati alimjibu. "Lori lililoharibika liko wapi?"

"Lori gani?"

Bwana Pazia hakutaka habari za matawi. Aliniagiza nimwambie kwamba mtu aliyekaa barabarani miaka kumi na saba na bado hawezi kuonyesha njia hastahili kiti. Nikamwambia alama ilikuwa sahihi, kosa ni letu, na mimi mwenyewe niliiona.

"Uliiona ukanyamaza?"

Bwana Pazia hakungoja nieleze. Akatoa uamuzi: Melkiori atutoe matopeni, atuongoze mpaka kwenye nguzo yake, kisha arudi kazini. Nikatafsiri neno kwa neno. Melkiori alisikiliza mpaka mwisho. Akavua shati la kanisani, akalikunja, akashika njia ya Kiberege kwenda kuwaita watu wake.

Nikamfuata. "Nisamehe, mzee."

"Wewe umesoma," alisema, wala hakunikejeli. "Ila umesoma matawi ya watu wengine."

Asubuhi yake genge lilifika umande ukiwa bado juu ya majani. Wakakata magogo, wakatandika matete, wakasukuma, na saa tatu nyumba ikatoka, mapazia yametapakaa matope. Melkiori alikwenda kunawa kijitoni. Aliporudi alikuwa amevaa tena lile shati jeupe.

"Leo unatuwekea tawi gani?" Donati alimtania.

"Leo tawi ni mimi. Nifuate."

Akatangulia, jembe begani. Tukavuka kijito mahali pake, tukatokea barabarani, na nguzo nyeupe ikaonekana mbele. Alipoifikia aliliegemeza jembe lake hapo, taratibu, kama mgeni anavyoacha fimbo mlangoni. Kisha akaendelea kutembea.

"Mnyapara," Tadei aliita kutoka nyuma, "nguzo hiyo."

"Naiona. Niliichimbia mimi."

Hakugeuka. Alikwenda katikati kabisa ya barabara ya wenzake, ambako changarawe ilikuwa nyekundu kuliko ya kwake. Mara moja aliinama, akaokota jiwe, akalitupa kando. Bwana Pazia alipitisha mkono mbele ya kifua changu, akapiga honi. Donati akauondoa ule mkono kwenye usukani, pasipo ubishi, akarudi gia namba moja. Nafasi ya kumpita haikuwepo. Mitaro ilikuwa na kina pande zote mbili. Lile shati jeupe likazidi kwenda mbele yetu, kuelekea kwenye kona ambayo hakuwahi kuiona.